Chambo Kikeshe Kikiwa Hai

Ukipata siku mbili za mapumziko Geita mjini, Ziwa Victoria haliko mbali. Nungwe ipo, Nkome ipo, na ukishika njia ya Chato utafika Muganza na Kasenda. Hata anayetoka Kahama au Shinyanga mjini akiondoka asubuhi anafika kabla jua halijashuka, na huo ndio muda hasa wa kuwa majini kwa anayetaka kutega mgonzo.

Mgonzo ni kamba ndefu iliyofungwa mishipi mifupi mingi, kila mshipi na ndoano yake. Hutegwa jioni na kuteguliwa alfajiri. Wavuvi wa biashara hutega ndoano mamia kwa mamia. Wewe unayekwenda kujiburudisha na kurudi na kitoweo, ndoano 20 au 30 zinakutosha, na usione haya kuanza na 10. Ndoano chache zenye chambo kilichotiwa kwa uangalifu huwashinda watu wanaotega nyingi kwa haraka, kwa sababu jambo linaloamua ni moja: saa kumi alfajiri, chambo chako bado kinacheza au kimeshakufa na kulala matopeni?

Sangara ni mwindaji. Aliletwa ziwani kutoka nje katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 alikuwa amejaa upande wetu wa Tanzania. Chakula chake ni furu, dagaa, uduvi wa ziwani na hata watoto wake mwenyewe, na humvuta samaki mdomoni na kummeza mzima. Katika mwanga hafifu wa machweo na alfajiri macho yake yanamtosha kuwinda. Kinachomwita ni mtikisiko, yaani mkia unaopiga maji. Ndiyo maana mtega migonzo mzoefu anahangaika zaidi na ndoo ya chambo kuliko na kamba zenyewe.

Chambo kinachopendwa ni mumi mdogo, ambaye wengine humwita kambale. Sababu ni umbile lake. Hana magamba, ngozi yake ni ngumu na inashika ndoano, na juu ya matamvua ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa ya nje. Ndiyo maana anavumilia ndoo yenye maji kidogo na safari ya bodaboda. Mtafute mwenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, yaani wa kulala kwenye kiganja mkia ukizidi kidogo. Akiwa mdogo zaidi anachoka upesi. Akiwa mkubwa atakuvutia sangara wachache, ingawa huenda wakawa wakubwa.

Furu naye ni mzuri, tena ndiye chakula cha asili cha sangara, lakini anakufa haraka. Halafu kuna jambo jingine ambalo mimi nalipa uzito. Ziwa hili lilikuwa na mamia ya aina za furu ambazo hazipatikani popote pengine duniani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliokuwa wakifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, walishuhudia aina nyingi zikitoweka ndani ya miaka michache sangara walipoongezeka. Waliobaki wanastahili kuvuliwa kwa kiasi. Ukihitaji furu, wavue mmoja mmoja kwa ndoano ndogo na kipande cha nyungunyungu kando ya mawe, kama wafanyavyo watoto wa mwaloni. Usikubali kununua chambo kilichokokotwa kwa kokoro au kuchotwa kwa chandarua. Humo ndani kuna watoto wa sato na sangara, na kokoro ni zana haramu.

Kwenye kutafuta mumi ndipo mtu wa Shinyanga ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani. Mvua za kwanza zikinyesha, mumi hupanda kwenye maji mapya yanayofurika ili kutaga, na baada ya majuma kadhaa vifaranga vyake utavikuta kwenye majaruba ya mpunga, mifereji na kingo za malambo. Tega mgono mdogo wenye pumba au mabaki ya ugali usiku mmoja. Lambo la kijiji lina wenyewe, kwa hiyo omba ruhusa kwanza. Wakati wa kiangazi ni rahisi zaidi kununua kwa wafugaji wa samaki, ambao siku hizi huuza vifaranga vya kambale vya ukubwa unaouchagua mwenyewe.

Usichukue chambo kwenye mashimo ya maji ya machimbo, kwenye mabwawa ya marudio, wala kwenye vijito vinavyopita chini ya makarasha na sehemu za kuoshea dhahabu. Katika ukanda huu wachimbaji wadogo wengi bado wanakamatisha dhahabu kwa zebaki, na mitambo ya kuchenjua hutumia sainaidi. Zebaki haiondoki samaki akifa. Hujikusanya mwilini mwake, ikapita kwa anayemla, na mwisho wa mnyororo huo ni sufuria ya nyumbani kwako. Samaki wa shimo la mgodi anaweza kuonekana mnene na mchangamfu, lakini mwache alipo.

Safirisha chambo kwa ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, maji yafike nusu tu ili hewa ibaki juu. Tumia maji ya hukohuko walikotoka. Kosa linaloua chambo kingi ni kubadilisha maji kwa ya bomba. Maji ya bomba ya Shinyanga na Kahama yanatoka ziwani, yanachukuliwa Ihelele, Misungwi, lakini yakishatibiwa kwa klorini hayamfai tena samaki. Kama huna njia nyingine, yaache kwenye beseni wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Usiwalishe mumi siku ya safari, maana kinyesi chao huchafua maji. Wapange kwa ukubwa pia. Mumi hula wenzao, na ukichanganya wa sentimita 15 na wa sentimita 5 utafika Nkome na wachache walioshiba. Ukifika mwaloni, punguza maji ya ndoo kidogo kidogo na kuongeza ya ziwani, ili wazoee.

Kabla ya kushika chambo hata kimoja, kamba iwe tayari. Mishipi iwe na urefu wa nusu pima hivi, na kati ya mshipi na mshipi acha pima tatu, ili samaki aliyenaswa asiufikie wa jirani na kuusokota. Pasua jerikeni ubavuni, viringisha kamba kuu ndani yake, na kila ndoano ichomekwe kwa mpangilio kwenye ukingo uliobandikwa kipande cha kandambili. Ndoano ya kwanza kuingia majini iwe ya kwanza ukingoni. Kazi hii ifanye nchi kavu mchana. Mtumbwini, mawimbi yakitikisa na giza likiingia, ndoano zilizolala ovyo zitakuingia wewe kabla ya kumwingia sangara.

Kuhusu ukubwa wa ndoano, namba ikipanda ndoano inapungua. Nakushauri namba 7 hadi 9. Ndoano za namba 12 na kuendelea hunasa sangara wachanga, na sheria hairuhusu sangara wa chini ya sentimita 50. Pitisha ncha juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza, inoe kwa tupa. Ikikwaruza na kushika, inafaa. Ncha butu inakulazimisha kumsukuma mumi kwa nguvu, nawe unaharibu chambo kabla hakijaingia kazini.

Sasa lowesha mikono. Ute wa mumi ndio kinga yake, na mkono mkavu unaupangusa. Mshike kwa kipande cha gunia kilicholowa maji, kichwa kikitazama kwako. Pande zote mbili, nyuma ya kichwa, ana mwiba mgumu kwenye pezi la ubavuni, naye huusimamisha akishtuka. Pitisha kidole cha shahada na cha kati nyuma ya miiba hiyo, kila kimoja upande wake, na kiganja kikae mgongoni. Hapo hawezi kukuchoma. Ukichomwa, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, ulifunge, na usiendelee kulitia kwenye maji ya ndoo.

Tafuta pezi refu la mgongoni linapoanzia, upana wa kidole kimoja nyuma ya kichwa. Chini kidogo ya mwanzo wa pezi hilo pana nyama nene isiyo na kiungo cha maana ndani yake. Ingiza ncha upande mmoja, ielekee mbele kidogo, itokee upande wa pili, ikipita juu ya uti wa mgongo. Hapa kitu kisikuharakishe. Ukipita chini sana utagusa uti, na mumi atanyooka na kutulia, akiwa amekufa au amepooza. Ukipita juu sana, chini ya ngozi tu, atajichana na kwenda zake baada ya mikupuo michache. Mahali penyewe utapajua kwa mkono: ncha inapita kwa ukinzani wa wastani, haigongi mfupa, na damu haitoki ila tone. Sukuma mpaka kijino cha ndoano kitokeze chote. Ndoano iliyozikwa ndani ya nyama inamlisha sangara bila kumshika, kwa hiyo ncha lazima ibaki wazi.

Nimesema ncha ielekee mbele kwa sababu sangara kwa kawaida hummeza samaki kwa kuanzia kichwani. Wapo wanaotia ndoano karibu na mkia, na hoja yao ni kwamba mumi huyo anaogelea kwa uhuru na kuishi muda mrefu. Ni kweli anaishi, lakini sangara akimshika kichwa na kutikisa, mara nyingi utatoa mkia mtupu. Mimi nabaki na mgongo. Njia ya mkia naiachia usiku ambao chambo ni dhaifu na kinahitaji kupunguziwa maumivu.

Baada ya kumtia, mrudishe mumi kwenye beseni la maji akiwa na ndoano yake, umhesabie mpaka kumi. Akijinyoosha na kupiga mkia, anafaa. Akielea ubavu, mtoe. Ukaguzi huu mdogo huwaudhi wenye haraka, nao ndio unaotofautisha mgonzo uliotegwa na mgonzo uliotupwa.

Furu anataka mkono mwepesi zaidi. Magamba yake hung'oka, kwa hiyo mshike ndani ya maji, ukamtoe mara moja tu. Ndoano ipite nyuma ya miiba ya mgongoni, tena juu kabisa ya uti, au kwenye tundu za pua ikiwa ni mdogo. Chagua waliovuliwa ufukweni. Furu aliyetolewa kwenye kina kirefu hupanda na tumbo lililovimba hewa, hawezi kuzama sawasawa, na hadumu.

Itatokea siku chambo hai hakuna. Dagaa wabichi hupatikana kwa wenye mitumbwi ya taa, lakini hao hutegemea giza; mwezi ukiwa mpevu wengi hawaendi majini, basi panga safari yako ukiangalia mwezi. Dagaa mmoja hashiki ndoano. Shona watano sita kwa kupitisha ndoano machoni, wa mwisho umfunge kwa uzi wa kushonea. Minofu ya samaki ni bora ikatwe vipande virefu vyembamba, ngozi ikiwa juu yake. Choma upande wa nyama, tokea kwenye ngozi, geuza, rudi tena kwenye ngozi. Ngozi ndiyo inayoshikilia. Nyama peke yake italainika na kuanguka kabla ya usiku wa manane. Mkia wa kipande uachwe ukining'inia, upepee.

Wavuvi wa Ghuba ya Chesapeake, Marekani, hutega kaa kwa kamba ndefu kama mgonzo lakini isiyo na ndoano. Chambo hufungwa kwa kitanzi kwenye kamba, na kaa hupandishwa polepole akiwa ameng'ang'ania mlo wake. Tangu zamani wametumia mikunga iliyotiwa chumvi, kwa kuwa chumvi huikaza nyama ikadumu majini. Jambo hili linatufaa na sisi. Paka minofu chumvi nyingi usiku mmoja kabla ya safari, ichuje maji, nayo itashika ndoano vizuri zaidi kuliko nyama mbichi. Hata hivyo nyama haichezi. Tarajia mumi wakubwa au kamongo zaidi ya sangara, na alama za magando ya kaa wa ziwani kwenye vipande vilivyogusa mawe.

Chambo kizuri kinaweza kuuawa na mahali ulipokitega. Kuanzia Septemba hivi hadi Aprili, ziwa likiwa na joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri, na kule chini, hasa kwenye kina kikubwa, hewa inakwisha. Pepo za Juni hadi Agosti ndizo zinazolikoroga tena. Kumbuka kwamba mumi wako anajisaidia kwa kuvuta hewa juu ya maji, na sasa umemfunga asiweze kupanda. Ukimzamisha kwenye maji yasiyo na hewa atakufa mapema kuliko hata ndani ya ndoo, na sangara mwenyewe hatakuwepo huko. Basi miezi ya joto tega karibu na miamba na vichwa vya rasi, kwenye kina cha wastani, na kila baada ya ndoano tano funga boya dogo linaloinua kamba kutoka kwenye matope. Epuka pia kingo za magugu maji. Chini ya mkeka ule hewa ni haba, na usiku upepo ukigeuka mkeka wote unahama na mgonzo wako.

Ushushe mgonzo kwa mpangilio huu: nanga ya jiwe, boya la kwanza, kisha mwenzako apige kafi taratibu kuelekea upepo huku wewe ukiachia ndoano moja moja. Chambo kiingie majini kwa kuteleza. Ukikirusha kikapiga maji kwa ubavu, kazi yote ya mkono wako imepotea. Kamba ikae imenyooka bila kukaza sana, na boya la mwisho liwe na alama yako. Mgonzo usio na alama hauna mwenyewe.

Kabla ya yote hayo pita kwenye ofisi ya BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ya mwalo husika, uulize utaratibu wa leseni, mipaka ya mazalia, na mahali palipo na vizimba vya sato, maana mgonzo uliokumbatia kizimba ni ugomvi. Watu wa BMU pia ndio watakaokuelekeza kwa mwenye mtumbwi anayejua viboko wanatokea wapi na mamba wanakaa wapi. Maji ya kuzunguka Kisiwa cha Rubondo ni ya Hifadhi ya Taifa tangu 1977, na humo mgonzo hauruhusiwi kabisa. Anayetamani kuvua sangara pale atumie fimbo ya kuvulia, kwa kibali cha TANAPA.

Vaa jaketi la kuokolea, hata kama mwenye mtumbwi havai. Radi na dhoruba za usiku si jambo la nadra upande huu wa kusini-magharibi wa ziwa, kwa hiyo tega na urudi nchi kavu. Usilale majini ukilinda kamba. Usisimame ufukweni kwenye majani maji yakikufika magotini. Konokono wa kichocho wanaishi hapo, na kichocho cha tumbo kimeenea mno katika vijiji vya mwambao. Panda mtumbwi kwenye mchanga au mawe, na ukiwa umeloa, baada ya majuma kadhaa nenda zahanati ukapime.

Alfajiri anza kutegua kutoka upande wa chini ya upepo. Chora alama ya sentimita 50 kwenye kafi, upime kila sangara kabla hajaingia kikapuni. Mdogo aliyeshikwa mdomoni mchomoe ndoano akiwa bado majini umwachie. Aliyemeza, kata mshipi karibu na mdomo. Ukivuta utamtoa matumbo. Mkubwa usimwinue kwa mshipi. Mtie kulabu chini ya taya, au umzungushie wavu wa mkono, kisha umlaze kwenye barafu mapema, maana kutoka Nkome hadi jikoni kwako jua litakuwa limeshapanda.

Mkishategua, angalieni chambo kilichorudi bila kuguswa. Kama mumi wengi wamerudi hai, mlitega mahali pasipo na sangara, nanyi sogeeni. Wakirudi wamekufa bila jeraha, tatizo ni hewa ya maji au uti wa mgongo. Ndoano zikirudi tupu na ngozi kidogo imebaki, choma nyama zaidi kesho. Mumi waliosalia ndani ya ndoo mpe mwenye mtumbwi, ambaye atawatumia jioni hiyohiyo. Suuza ndoano kwa maji safi, zikauke kivulini, zipake mafuta kidogo, na vipande vya kamba vilivyokatika rudi navyo nyumbani ukavichome.